Ann Lowe: Fundi mweusi aliyeshona gauni la harusi ya Jackie Kennedy, halafu jina lake likamezwa

Wasee, kuna picha moja ya harusi ambayo hata kama hujui story yake, ushawahi kuiona mahali. Bibi harusi mrembo, nywele nyeusi, gauni jeupe la rangi ya pembe za ndovu lenye sketi imefura kama wingu. Kando yake bwana harusi anacheka. Huyo jamaa ni John F. Kennedy, wakati huo akiwa seneta tu, na huyo msupa ni Jacqueline Bouvier. Ilikuwa tarehe 12 Septemba 1953, Newport, Rhode Island, huko Marekani.

Gauni hilo limenakiliwa na mafundi wa kila pembe ya dunia. Wapenzi wa nguo za kitambo bado wanalichora, wanalipima kwa macho kutoka kwa picha, wanajaribu kutengeneza pateni yake ndio walishone upya. Lakini ukiuliza watu wengi ni nani alilishona, utaona wanaangaliana.

Alikuwa mwanamke mweusi kutoka Alabama. Jina lake Ann Lowe. Na maisha yake, manze, ni story ya kipaji kikubwa, pesa iliyopotea na heshima iliyochelewa.

ALIZALIWA KWA SINDANO

Ann Cole Lowe alizaliwa mwaka wa 1898 huko Clayton, Alabama, kusini mwa Marekani. Nyanya yake, Georgia, alizaliwa utumwani. Huyo nyanya alikuwa fundi wa nguo, na mamake Ann, Janie, pia alikuwa fundi. Baada ya utumwa kuisha, mama na binti walikuwa wanashonea mabibi wa matajiri wa Montgomery. Yaani mtoto Ann alikulia chini ya meza ya kazi, katikati ya vipande vya hariri na satini.

Vile vipande vya kutupwa ndivyo vilimfunza. Akiwa mdogo sana alikuwa anavikusanya na kuvikunja mpaka vinakuwa maua. Alikuwa anaangalia maua ya bustanini halafu anayatengeneza kwa kitambaa. Hayo maua yaliyoshonwa kwa mkono baadaye yakawa alama yake. Mtu akiona waridi la hariri limekaa kwa gauni kama limechumwa asubuhi, anajua hiyo ni kazi ya Lowe.

Alipokuwa kama miaka 16, mamake aliaga ghafla. Tatizo ni kwamba mama alikuwa ameacha kazi nusu: magauni manne ya mke wa gavana wa Alabama. Hebu fikiria. Msichana mdogo, bado anaomboleza, na oda ya bibi wa gavana iko mezani. Ann alikaa chini, akamaliza magauni yote manne, na kazi ikakubalika. Kutoka hapo akajua kwamba hii sindano inaweza kumlisha.

BWANA HAKUTAKA, YEYE AKABEBA MTOTO AKAENDA

Alikuwa ameolewa akiwa mdogo, na bwana yake hakuwa anafurahia mambo ya mke kushonea watu. Alitaka mke wa kukaa nyumbani. Kwa muda Ann alitulia.

Halafu siku moja akiwa dukani Montgomery, mama mmoja tajiri kutoka Tampa, Florida, akamwona na nguo aliyokuwa amedunga. Akauliza imetoka wapi. Kusikia kwamba huyo dada ameishona mwenyewe, mama akamwambia aende Tampa amshonee mabinti zake mapacha nguo za harusi. Bwana akakataa. Ann akachukua mtoto wake Arthur, akapanda treni. Ndoa ikaishia hapo.

Tampa ndiko aliwaka. Lakini hakuridhika na kujifunza kwa macho tu. Mwaka wa 1917 alienda New York kusomea ubunifu wa nguo katika shule ya S.T. Taylor. Alipofika, wakashtuka. Hawakuwa wanajua ni mweusi. Walikubali asome, lakini walimtenga: alikaa chumba chake peke yake, wanafunzi wazungu wakae kwingine.

Sasa ona venye mambo yaligeuka. Kazi yake ilikuwa kali mpaka walimu wakawa wanabeba sampuli zake kwenda kuonyesha wale wengine, na baadaye wanafunzi wenyewe wakawa wanaingia kile chumba kumwangalia akifanya kazi. Alimaliza kozi mapema kuliko muda uliopangwa.

Akarudi Tampa akafungua duka lake. Kwa miaka kadhaa, ukiwa bibi wa maana huko Tampa na unaenda karamu kubwa ya Gasparilla, ile sherehe ya jiji ya kila mwaka, ulitaka gauni la Ann. Alipofika mwaka wa 1928 alikuwa ameweka akiba ya dola 20,000. Hiyo ilikuwa doh ndefu enzi hizo. Akahamia New York moja kwa moja.

NYOTA ANACHUKUA OSCAR, FUNDI YUKO NYUMA YA PAZIA

New York haikumpokea kwa maua. Mwaka uliofuata uchumi wa dunia ulianguka, na mwanamke mweusi mwenye duka lake hakuwa mtu wa kukopeshwa kirahisi. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya kushonea maduka ya wengine. Yeye anabuni, anakata, anashona, halafu lebo inayowekwa kwa shingo ya nguo ni ya mwenye duka.

Mfano ambao unauma ni huu. Mwaka wa 1947, mwigizaji Olivia de Havilland alipanda jukwaani kuchukua Oscar yake kwa filamu ya To Each His Own. Gauni lake lilikuwa na maua, na lilipigwa picha na kila mtu. Mikono iliyolitengeneza ilikuwa ya Ann Lowe. Sifa zikaenda kwa duka lililokuwa limemwajiri.

Mwaka wa 1950 hatimaye alifungua duka lenye jina lake mwenyewe, Ann Lowe's Gowns. Wateja wake walikuwa wadosi wa ukweli: Rockefeller, du Pont, Roosevelt, Auchincloss. Ann hakuficha kwamba anapenda kushonea familia za juu. Alikuwa anachagua wateja. Usidhani alikuwa mama mnyonge anayeombaomba kazi. Alivaa kofia zake vizuri, akatembea kama mtu anayejua thamani yake.

Mahali alikuwa mnyonge ni kwa bei. Hao matajiri walijua kupunguza. Gauni ambalo mbunifu mzungu angeliuza kwa pesa nyingi, Ann alikuwa analiuza kwa bei ya chini, na bado anaweka kitambaa cha bei ghali na kazi ya mkono ya wiki nyingi ndani. Alipenda nguo kuliko hesabu. Mambo ya vitabu vya pesa alikuwa amemwachia kijana wake Arthur.

SIKU KUMI KABLA YA HARUSI, BOMBA LIKAPASUKA

Sasa tufike 1953. Mamake Jackie, Janet Auchincloss, alikuwa mteja wa Ann kwa miaka. Binti anaolewa na seneta kijana wa familia ya Kennedy, na watu zaidi ya 1,000 wanatarajiwa kwa karamu. Kazi ikaja kwa Ann: gauni la bibi harusi, na nguo za wasimamizi. Jumla magauni 15.

Gauni la Jackie lilikula yadi 50 za hariri aina ya tafeta. Ndio upate picha, kitenge kizima cha pale Eastleigh ni yadi 6. Hiyo ni zaidi ya vitenge nane ndani ya nguo moja. Sehemu ya juu ilikuwa na mikunjo ya kitambaa iliyopishana, shingo pana inayoacha mabega wazi. Sketi ilikuwa na mistari ya marinda na duara kubwa za kitambaa kilichokusanywa, na katikati vimaua vidogo vya nta. Inasemekana Jackie mwenyewe alikuwa anataka kitu rahisi zaidi, chenye mstari ulionyooka, lakini familia zilitaka gauni la kifalme. Ann alishona kilichoagizwa, na alikishona kama dua.

Kazi ilikuwa imeisha. Zikabaki siku 10.

Ann alipofungua karakana yake asubuhi, alikuta maji kila mahali. Bomba lilikuwa limepasuka. Kati ya magauni 15, 10 yalikuwa yameharibika. Na moja kati ya hayo lilikuwa la bibi harusi.

Kazi ya kama miezi miwili, imekwisha. Mtu mwingine angepiga simu kwa mwenye harusi akilia. Ann hakumwambia mtu wa familia hiyo hata neno moja. Alitafuta kitambaa kingine, akaongeza mafundi, na wakaingia kazini mchana na usiku. Kwa siku 10 walikata na kushona upya kila kitu, marinda kwa marinda, ua kwa ua. Ile faida ya dola 700 aliyokuwa anategemea ikageuka kuwa hasara ya dola 2,200. Yote alilipa kutoka mfukoni mwake.

Halafu akabeba magauni mwenyewe mpaka Newport. Alipofika mlangoni, mfanyakazi akamwambia apitie mlango wa nyuma, ule wa wafanyakazi. Ann akamjibu waziwazi kwamba kama haingii kwa mlango wa mbele, basi anarudi na magauni yote. Kwa ufupi: hakuna gauni, hakuna harusi. Akaingia kwa mlango wa mbele.

HARUSI YA KARNE, LAKINI JINA LAKE LIKO WAPI?

Harusi ikafana. Picha zikazunguka dunia. Taarifa zilieleza gauni mpaka mwisho: kitambaa, shingo, marinda, lile shela la lesi la nyanya ya Jackie. Lakini taarifa nyingi ziliruka jina la aliyelishona, kana kwamba gauni lilijishona lenyewe.

Mwaka wa 1961 Kennedy alikuwa ameshakuwa rais, na Jackie alikuwa mwanamke anayeangaliwa zaidi kwa mavazi duniani. Jarida moja kubwa la akina mama likaandika kuhusu mavazi yake, na lilipofika kwa gauni la harusi, lilimtaja Ann kama mshonaji fulani mweusi tu, bila jina, na likasisitiza kwamba haikuwa kazi ya nyumba kubwa ya mitindo.

Hiyo ilimchoma Ann kuliko lile bomba. Hasara ya pesa aliivumilia miaka minane bila kusema. Lakini hii ya kuitwa mtu asiye na jina alishindwa kunyamaza. Alimwandikia Jackie barua akieleza jinsi alivyoumia, na kwamba afadhali asingetajwa kabisa, au atajwe kama mbunifu mweusi mwenye sifa, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa.

DENI, JICHO NA RAFIKI ASIYEJULIKANA

Huku nyuma maisha yalikuwa yanakaza. Mwaka wa 1958 Arthur, kijana wake na mtu wa hesabu zake, alikufa kwa ajali ya gari. Ann alipoteza mtoto na mshika vitabu siku moja. Bwana wake wa pili pia alikuwa ameenda. Inasemekana alichoka na mke anayeruka kutoka kitandani usiku kwenda kuchora magauni.

Mwaka wa 1960 duka kubwa la Saks Fifth Avenue lilimpa kitengo ndani ya jengo lao. Kwa nje ilionekana ni kufika bei. Lakini mpango ulikuwa kwamba yeye ndiye analipia vitambaa na mafundi, na bei aliyouza haikurudisha gharama. Kila gauni likawa linamzamisha zaidi. Alipofika 1962 alikuwa anadaiwa ushuru wa dola 12,800, bado madeni ya wauza vitambaa. Serikali ikamfungia duka.

Na macho nayo yalikuwa yanaisha. Mwaka huohuo alitolewa jicho la kulia kwa sababu ya ugonjwa wa glakoma. Fundi anayeshona vimaua vidogo kama kucha, anabaki na jicho moja, na hilo moja pia lina shida.

Akiwa bado anapona, akapata habari kwamba deni lake la ushuru limelipwa. Lote. Aliyelipa hakuacha jina. Mpaka anakufa, Ann aliamini ni Jackie. Hakuna aliyewahi kuthibitisha.

Operesheni nyingine ilisaidia lile jicho lililobaki, na mama akarudi kazini. Pale ambapo hakuona vizuri, aliwaeleza wasaidizi wake kwa mdomo nini cha kukata na wapi. Mwaka wa 1964 Saturday Evening Post waliandika habari zake, na 1966 jarida la Ebony likampa kurasa zake, watu weusi wakamwona na kujua. Mwaka wa 1968 alifungua tena duka, Madison Avenue. Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 70, na akaaga dunia tarehe 25 Februari 1981 huko Queens, New York, akiwa na miaka 82, nyumbani kwa binti aliyemlea.

GAUNI LIMEZALIWA UPYA

Kwa wale mnaopenda nguo za kitambo, hapa ndipo pa kusikiza kwa makini.

Gauni lenyewe bado lipo. Limehifadhiwa katika maktaba ya John F. Kennedy huko Boston. Lakini hariri inazeeka kama mtu. Uzi unakauka, kitambaa kinapasuka kwa mguso mdogo, na sketi ya uzito ule haiwezi kutundikwa kirahisi. Kwa hivyo jumba la makumbusho la Winterthur, Delaware, lilipotaka kufanya maonyesho makubwa ya kazi ya Ann Lowe, yaliyofunguliwa Septemba 2023, waliamua gauni la Jackie lishonwe upya.

Kazi hiyo alipewa mwalimu wa mitindo wa University of Delaware. Alienda Boston akalipima gauni la asili kwa mkono. Na hii si kama kwenda kwa fundi pale Kenyatta Market na nguo ya mitumba, unamwambia akushonee kama hiyo, anaifumua mishono anaiweka juu ya kitambaa kipya. Gauni la namna hii huwezi kufumua hata mshono mmoja. Unapima kila kipande kikiwa mahali pake, unaangalia uzi wa kitambaa unaelekea wapi, unahesabu marinda, halafu unahamisha vipimo kwa karatasi mpaka upate pateni. Baada ya hapo unashona sampuli kwa kitambaa cha bei rahisi, kama amerikani, unarekebisha, ndio sasa uguse hariri.

Faida ya kushona upya ni kwamba unagundua mambo ambayo picha haisemi. Magauni ya Ann yana siri zao ndani. Alikuwa anajenga sidiria na mikanda ya kushika kiuno ndani ya nguo, kwa hivyo bibi harusi hakuhitaji kitu kingine chini. Mishono ya ndani imefungwa kwa lesi, safi kama ya nje. Yaani alishona upande ambao hakuna kamera ingeuona kama ule wa kuonekana. Hiyo ndiyo kazi aliyoirudia kwa siku 10, baada ya maji kuibeba ile ya kwanza.

Kama na wewe unataka kujaribu gauni la miaka ya 50 kutoka kwa pateni iliyochapishwa upya, na kampuni kama Vogue, Butterick na Simplicity zimetoa nyingi, chukua mambo matatu. Kwanza, usiamini namba ya saizi. Saizi 12 ya zamani ni ndogo kuliko 12 ya siku hizi, kwa hivyo jipime kifua, kiuno na nyonga na ufuate futi, si namba. Pili, usikate kitambaa kizuri kabla ya sampuli. Kiuno cha nguo za enzi hizo hukaa juu kidogo na hubana, na ukikosea hapo gauni lote limeharibika. Tatu, lile umbo la sketi kufura halitoki kwa sketi yenyewe. Linatoka kwa kile kilicho chini: sketi za ndani za neti, na mishono inayoshika kiuno. Ukiruka hiyo kazi, utabaki na sketi pana imelala kama pazia.

Leo magauni ya Ann Lowe yako Metropolitan Museum New York na Smithsonian huko Washington, na jina lake limeandikwa kando yake kwa herufi zinazosomeka. Alilipigania jina hilo kwa mlango wa mbele wa Newport na kwa barua ya 1961, na limekuja kukaa mahali pake miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Sasa tuambie: ile nguo uliyovaa siku yako kubwa, iwe ni harusi, ruracio au graduesheni, unajua jina la fundi aliyeishona? Kama unajua, mpigie simu leo umshukuru. Na ukiulizwa imetoka wapi, mtaje kwa jina.